Kidimbwi chako kipya cha chumvi bado kina klorini: jifunze kuipima

Mwezi uliopita alikuja kliniki mzazi mmoja pamoja na wanawe watatu. Wawili wakubwa walikuwa na macho mekundu kana kwamba wametoka kumenya vitunguu. Kitindamimba, mvulana wa miaka sita, alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na nilipougusa tu ukingo wa sikio lake la kulia alipiga ukemi. Baba yao alinieleza kwamba walikuwa wamejengewa kidimbwi cha kuogelea nyumbani wiki tano kabla ya hapo, na kwamba tangu shule zifungwe watoto walikuwa hawatoki majini. Nilipomwuliza klorini yake huwa kiasi gani, alinitazama kwa mshangao.

"Daktari, hiki chetu hakina klorini. Ni cha chumvi."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi siku hizi, na ndilo lililonifanya niandike somo la wiki hii. Vidimbwi vya chumvi vimeanza kuenea katika nyumba na mitaa mipya, na wanaoviuza huvisifu kwa maneno matamu: maji laini, macho hayawashi, hakuna dawa. Mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake. La tatu si kweli, na ndilo linalowaletea watoto maradhi.

Msomaji, ikiwa umejenga kidimbwi cha aina hii, au mwenye nyumba amekijenga kwa ajili ya wapangaji, tafadhali lishike kwanza jambo hili: kidimbwi cha chumvi ni kidimbwi cha klorini. Tofauti iko mahali klorini inakotoka tu. Katika kidimbwi cha kawaida unaimwaga kwa mkono kutoka mkebeni. Katika kidimbwi cha chumvi unaitengeneza hapo hapo nyumbani.

Chumvi ya kupikia ni sodiamu na klorini zilizoshikana. Maji yenye chumvi hupitishwa na pampu ndani ya seli, yaani kasha dogo lenye vibati vya chuma vinavyopitisha umeme. Umeme ule huitenga klorini, nayo huyeyuka katika maji na kuanza kazi ya kuua vijidudu. Ikimaliza kazi, au ikivunjwa na jua, sehemu yake kubwa hurudi kuwa chumvi tena, na mzunguko unaendelea. Ndiyo maana chumvi haiishi upesi. Huondoka hasa pamoja na maji yanayomwagika, yanayofurika au yanayotumiwa kuosha kichujio.

Kiasi cha chumvi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mitambo mingi hutaka miligramu 3,000 hadi 4,000 kwa kila lita ya maji. Bahari yetu ina takriban 35,000. Machozi yako mwenyewe yana karibu 9,000. Kwa hivyo chumvi ya kidimbwi haiwezi kuua vijidudu wanaotusumbua. Ingekuwa inaweza, jicho lisingeugua kamwe. Mtambo ukikoma kutengeneza klorini, maji yako ni maji ya chumvi hafifu yaliyotuama juani, yenye jasho, mkojo na mate ya kila aliyeingia.

Je, klorini ina kazi gani hasa? Maji yakiwa na miligramu 1 ya klorini huru kwa lita, yakiwa na joto la kadiri na pH ya 7.5, ile bakteria ya kinyesi iitwayo E. coli hufa katika muda usiofika dakika moja. Virusi vya homa ya ini ya aina ya A huhitaji kama dakika 16. Giardia, kimelea anayeleta kuhara kwenye harufu mbaya na tumbo kujaa gesi, huhitaji kama dakika 45. Yuko mwingine, kriptosporidiamu, ambaye huhimili kiwango hicho kwa zaidi ya siku 10, huyo nitamrudia. Takwimu hizi zinaonyesha kwamba kiasi kidogo tu cha klorini, mradi kiwepo saa zote, hukinga maradhi mengi. Tatizo ni hayo maneno mawili: saa zote.

Nilimwomba yule mzazi anunue chupa ya kupimia maji na anipigie simu kesho yake. Alipima mara mbili. Saa moja asubuhi klorini ilikuwa 1.5. Saa tisa alasiri, wakati watoto wamo majini, hapakuwa na kitu. pH ilikuwa 8.2 nyakati zote mbili. Maji, aliniapia, yalikuwa yanang'aa kama kioo.

Tuangalie yaliyotokea, maana makosa yake ndiyo ya wengi wenye vidimbwi vipya.

Kosa la kwanza lilikuwa jua. Klorini iliyo peke yake majini haiwezi kustahimili jua letu. Katika kidimbwi kisicho na kivuli, adhuhuri, zaidi ya nusu yake huweza kutoweka ndani ya saa moja. Ili kuikinga huwekwa dawa iitwayo asidi ya sayanuriki, ambayo mafundi na wauzaji huiita stabilaiza. Haiui vijidudu, kazi yake ni kuishika klorini na kuiachilia kidogo kidogo, jua lisiimalize yote kwa pamoja. Maji mapya ya mfereji au ya kisima hayana dawa hii hata chembe, na mtambo wa chumvi hauwezi kuitengeneza. Ni lazima uinunue na kuiweka wewe. Aliyemjengea mgonjwa wangu aliweka chumvi, akawasha mtambo, akachukua pesa zake akaenda.

Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na watengenezaji wengi wa mitambo ya chumvi huomba 60 hadi 80. Fuata kitabu cha mtambo wako, lakini usizidishe. Stabilaiza ikirundikana huishika klorini kwa nguvu kiasi kwamba inapima vizuri kwenye chupa huku vijidudu wakiishi raha mustarehe. Na ikishazidi, njia rahisi ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine. Kwa sababu inaipunguza klorini kasi, kidimbwi chenye stabilaiza kisiachwe kishuke chini ya miligramu 2 za klorini huru. Mimi huwashauri wenye vidimbwi vya nyumbani wakae baina ya 2 na 4.

Kosa la pili lilikuwa saa za pampu. Ili kupunguza bili ya stima, baba huyo alikuwa akiendesha pampu kuanzia saa kumi usiku hadi saa mbili asubuhi. Nia nzuri, lakini klorini ilitengenezwa watu wamelala ikaliwa na jua kabla mtoto wa kwanza hajavua shati. Hapa inafaa tufanye hesabu kidogo, nawe uifanye kwa kidimbwi chako.

Chukua kidimbwi chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25. Zidisha: mita 50 za ujazo, yaani lita 50,000. Seli ya kidimbwi kama hicho yaweza kuwa na uwezo wa kutengeneza gramu 15 za klorini kwa saa. Ikifanya kazi saa nne, inatoa gramu 60. Gawanya kwa lita 50,000 na utapata miligramu 1.2 kwa lita, kwa siku nzima, kabla ya jua na jasho kuchukua sehemu yao. Saa nane zingetoa 2.4. Kwa kawaida kidimbwi cha wazi chenye stabilaiza ya kutosha, katika hali ya hewa kama yetu, huweza kupoteza miligramu 2 au 3 kwa siku. Unaona basi kwamba saa nne hazitoshi. Uwezo wa seli umeandikwa ubavuni mwake au ndani ya kitabu chake. Usikubali kulipa salio la mjenzi kabla hajakuonyesha nambari hiyo. Pampu iendeshwe mchana, au igawanywe, sehemu asubuhi na sehemu alasiri, ili klorini itengenezwe wakati inapotumika.

Kosa la tatu ndilo la kidimbwi kipya hasa, na ni plasta. Saruji mbichi hutoa chokaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na chokaa hupandisha pH. Mtambo wa chumvi nao, kwa jinsi unavyofanya kazi, huipandisha pia. Viwili hivyo vikikutana, pH hupanda kila siku kama bei ya unga. Kwa nini mimi daktari nishughulike na pH? Kwa sababu klorini majini huwa na sura mbili, moja kali inayoua vijidudu na nyingine goigoi. Katika maji yasiyo na stabilaiza, pH ikiwa 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika ile sura kali. Ikipanda hadi 8, hubaki takriban robo tu. Ikifika 8.5, ni karibu sehemu moja kwa kumi. Kwa hivyo hata ile 1.5 aliyoipima asubuhi, kwa pH ya 8.2, ilikuwa haifanyi kazi ya 1.5. Isitoshe, maji ya namna hiyo huyawasha macho na kukausha ngozi.

Weka pH kati ya 7.2 na 7.6. Mwezi wa kwanza ipime kila siku na uishushe kwa asidi kidogo kidogo. Baada ya plasta kukomaa kazi hiyo itapungua, ingawa katika kidimbwi cha chumvi haiishi kabisa.

Mafundi wazoefu pia hungoja siku 28 hivi baada ya kujaza maji kabla ya kutia chumvi katika kidimbwi cha plasta mpya, kwa kuwa chumvi hudhuru saruji ambayo haijakomaa. Katika siku hizo mtambo uzimwe, na klorini itiwe kwa mkono kama katika kidimbwi chochote. Watu wengi huuona mwezi huo kama wa kungoja tu, wakawaachia watoto waingie katika maji yasiyo na dawa. Ukitumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, kidimbwi chetu cha lita 50,000 kinataka kama gramu 77 ili kuongeza miligramu 1 kwa lita. Vidonge vile vya kuelea ni rahisi kutumia, lakini vingi vina stabilaiza ndani yake. Kila kidonge kinaongeza, na mwisho wa mwezi huenda ukajikuta umepita kiwango bila kujua. Soma kilichoandikwa kwenye mkebe.

Siku ya chumvi ikifika, pima kwanza chumvi iliyomo tayari. Jambo hili linawahusu sana ndugu zetu wa Pwani, na hata walio Kitengela na Syokimau wanaotegemea visima, kwa kuwa maji ya visima vingi tayari yana chumvi. Kama hayana kabisa, kidimbwi cha lita 50,000 kitahitaji kilo 160 kufikia miligramu 3,200. Usinunue chumvi ya mezani. Hapa nchini chumvi hiyo kisheria huwekwa madini ya joto, jambo ambalo ni jema kwa tezi ya shingo lakini halina faida kidimbwini. Omba chumvi safi isiyotiwa madini ya joto, kama ile inayovunwa kwa kuanika maji ya bahari huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Mradi iwe safi, isiyo na mchanga. Imwage kandokando, ifagie sakafuni kwa brashi hadi iyeyuke, na uache pampu izungushe maji siku nzima mtambo ukiwa umezimwa. Ndipo uuwashe.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe, kwa sababu nimewaona watu wenye vifaa vyote wakipima vibaya.

Kuna matone ya aina mbili madukani. Yale yanayogeuza maji kuwa ya manjano ni ya bei nafuu, lakini hupima klorini yote kwa jumla, ile inayofanya kazi pamoja na ile iliyokwisha kuchoka. Yanayogeuza maji kuwa ya waridi hupima klorini huru peke yake, na ndiyo unayoyahitaji. Teka maji kwa kutumbukiza mkono hadi kiwiko, mbali na tundu ambako maji kutoka kwa seli hurudi. Ukiteka hapo utapima klorini mbichi kabla haijasambaa na utadhani mambo ni shwari. Pima alasiri, jua likishapita utosini, kwa kuwa ndio wakati klorini inapokuwa imeshuka zaidi, na ndio wakati watoto wako majini. Dawa za kupimia zisikae juani wala zisitumiwe baada ya tarehe yake kupita.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata mafundi. Klorini ikiwa nyingi kupita kiasi, tuseme zaidi ya miligramu 10, huweza kuifuta ile rangi ya waridi mara tu inapotokea. Chupa inabaki nyeupe, mtu anasema hakuna klorini, anaongeza nyingine. Ukiona rangi imejitokeza kisha ikapotea, chukua sehemu moja ya maji ya kidimbwi na sehemu nne za maji safi yasiyo na klorini, kama yale ya chupa, pima tena, kisha uzidishe jibu kwa tano.

Taa ya kijani kwenye mtambo si kipimo. Inakwambia kwamba umeme unapita na chumvi ipo. Haijui jua limekula kiasi gani wala watoto wangapi wameingia. Mahali penye maji magumu, vibati vya seli hushika ukoga mweupe wa chokaa na kutoa klorini kidogo huku taa ikiwaka vilevile. Vifungue na kuvitazama kila baada ya miezi michache.

Pua nayo huwadanganya wengi. Ile harufu kali tunayoiita harufu ya klorini, ambayo hukufanya useme kidimbwi hiki kimetiwa dawa nyingi, mara nyingi ni dalili kwamba klorini huru ni chache. Klorini inapokutana na jasho na mkojo huzaa kitu kiitwacho kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka, inayowasha macho na kuwafanya wenye pumu wakohoe. Macho ya wale watoto wawili wakubwa yalitokana na hilo pamoja na pH ya juu. Dawa yake ni kuongeza klorini ya kutosha jioni, wakati hakuna anayeogelea, ili kuziunguza kloramini hizo, na kuzipunguza tangu mwanzo kwa kumtaka kila mtu aoge kwa maji na sabuni kabla ya kuingia. Najua watu huchukia kuambiwa hivyo, hasa wageni. Lakini dakika moja chini ya bomba huondoa sehemu kubwa ya uchafu ambao klorini ingelazimika kuuhangaikia. Watoto wadogo watolewe kwenda msalani kila saa moja. Usiwaulize kama wamebanwa, watasema hapana.

Sikio la kitindamimba lilikuwa jambo jingine. Maji yaliyobaki ndani ya tundu la sikio huilainisha ngozi yake, na bakteria, mara nyingi yule aitwaye pseudomonasi, hupata mahali pa kuingilia. Bakteria huyu hustawi kidimbwini klorini inapokwisha. Dalili yake hutofautiana na ile ya ugonjwa wa sikio unaofuata mafua: ukilivuta kidogo ganda la nje la sikio, au ukibonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu, mgonjwa ataruka. Huhitaji matone ya dawa kutoka kwa daktari, na sikio likae kavu mpaka lipone, kwa kawaida siku saba hadi kumi. Usitie mafuta ya moto, wala kitunguu, wala kijiti chenye pamba. Kijiti hicho, kwa maoni yangu, kimeharibu masikio mengi ya Wakenya kuliko vidimbwi vyote. Kama sikio linatoa usaha, au mgonjwa ana kisukari, usingoje hata siku moja.

Nilisema nitamrudia kriptosporidiamu. Huyu huletwa na mtu anayehara, na kwa kuwa klorini ya kawaida humchukua siku nyingi kumwua, kinga ya kweli ni kutomruhusu aingie. Mtoto anayehara asiingie majini, hata akiwa amevaa nepi ya kuogelea, kwa sababu nepi hizo hazizuii choo chepesi. Ikithibitishwa kwamba ni kriptosporidiamu, angoje wiki mbili zaidi baada ya kuhara kukoma. Mtoto akijisaidia kidimbwini choo kigumu, toa kila mtu, kiondoe, hakikisha klorini ni 2 na pH haizidi 7.5, na ungoje nusu saa. Choo kikiwa chepesi, mambo ni mazito. Itabidi klorini ipandishwe hadi miligramu 20 kwa lita kwa karibu saa 13, na kama kuna stabilaiza, kwanza ipunguzwe hadi 15 au chini kwa kumwaga maji, na hata hivyo muda huongezeka hadi saa 28. Kwa mwenye kidimbwi kidogo, mara nyingi ni afadhali kumwaga maji yote na kuanza upya. Mpigie fundi wako kwanza, kwa kuwa kidimbwi kitupu huweza kuinuliwa na maji ya ardhini wakati wa masika.

Masika yenyewe huleta shida. Mvua kubwa ikijaza kidimbwi hadi kikafurika, chumvi na stabilaiza huondoka pamoja na maji. Pima vyote viwili mvua zikikatika. Stima nayo ikipotea, pampu inasimama na hakuna klorini inayotengenezwa. Ikirudi, saa ya mtambo huenda ikawa imepoteza majira na pampu ikaanza kuzunguka usiku wa manane. Kwa sababu hii kila mwenye kidimbwi cha chumvi anapaswa kuwa na mkebe mmoja wa klorini ya unga wa akiba. Utaufaa pia siku ya sherehe. Seli hutengeneza polepole. Watoto 15 wa karamu ya kuzaliwa watamaliza klorini ya siku nzima kabla keki haijakatwa. Pandisha hadi 4 jioni ya kuamkia siku hiyo, na upime katikati ya sherehe. Wakati wowote ambapo huwezi kuona mfuniko wa tundu la kutolea maji pale penye kina kirefu, watu wote watoke, hata kama chupa ya kupimia inasema kila kitu ni sawa, kwa kuwa mtu akizama hamtamwona.

Mkebe huo wa akiba, pamoja na chupa ya asidi, ndivyo vitu vya hatari zaidi nyumbani mwako baada ya kidimbwi chenyewe. Vitenganishe, katika chumba kikavu chenye hewa na kufuli. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu. Klorini ya unga isichanganywe na vidonge vya stabilaiza, hata kwa kutumia kijiko kimoja, maana huweza kulipuka na kuwaka moto. Unapoyeyusha dawa, jaza ndoo maji kwanza ndipo utie dawa. Usimwage maji juu ya dawa. Vaa glavu na miwani, simama upepo ukikupiga kisogoni, na weka dawa moja kwa wakati mmoja, pampu ikizunguka. Yule mzee anayetunza bustani, ambaye katika nyumba nyingi ndiye hukabidhiwa kazi hii, afundishwe na apewe vifaa hivyo hivyo. Nimewahi kumtibu mmoja aliyemimina asidi katika ndoo iliyokuwa na mabaki ya klorini. Alikuwa ameambiwa tu, "tia dawa."

Mtu akivuta gesi hiyo, mtoe nje upesi penye hewa safi, mbali na pale mahali, na umketishe wima. Kama dawa imemwagikia nguo, mvue, na umwoshe ngozi kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Macho vivyo hivyo, kope zikiwa zimefunuliwa. Aliyemeza asitapishwe. Mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mapafu huweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Nakili jina lililoandikwa kwenye mkebe, ili daktari wa zamu ajue ni dawa gani aliyoivuta.